Samaki Aliyekauka Bila Jua

Mambo yaliharibika Jumapili tarehe 2 Desemba 2012, saa nane kasoro ya mchana, hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi. Saa ninaijua kwa sababu tulikuwa tumetoka kanisani, na mimi nilikuwa nimeinama juu ya chanja yangu ya kukaushia nyuma ya nyumba ninageuza usipa, wale samaki wadogo wa ziwa la hapa. Fabien, fundi cherehani, jirani yangu, akaja mbio ameinua telefone juu kama mtu anayevuka mto na mzigo.

"Papa Bénie! Papa Bénie! Ni mutoto! Norvège!"

Nikapangusa mikono kwenye suruali. Bénie ni mtoto wangu wa pekee. Alikuwa ameondoka mwezi wa tisa na mume wake Moïse kwenda Norvège, kule Ulaya. Miezi mitatu kamili sikuwa nimesikia sauti yake.

"Papa, we iko muzima?"

"Mi niko. We?"

"Niko muzima, Papa. Baridi tu. Papa, huku jua iliondoka."

"Ni mawingu. Ku Bukavu pia kulikuwaka mawingu."

"Hapana, haiko mawingu. Iliondoka. Iko siku kumi haitoke. Banasema itarudia mwezi wa kwanza."

"Itarudia! Iliendaka wapi?"

Akacheka, lakini kidogo. "Sijue, Papa. Saa sita ya muchana iko kama magaribi, kisha giza."

"Na kazi?"

"Kuko mama mumoja muzee ananifundisha. Tunaanika samaki inje."

"Munaanika samaki."

"Ndiyo."

"Bila jua."

"Bila jua, Papa. Bila chumvi, bila moshi. Tunaitundika tu, inakauka yenyewe."

Hapo telefone ikakatika. Fabien akaniuliza, "Banasema nini kule?" Nikamrudishia telefone yake. Nikamwambia mtoto wangu yuko taabuni.

Niwaeleze kwa nini. Mimi Lwaboshi sikusoma sana, niliishia darasa la nne, lakini samaki ninamjua. Miaka ishirini pale Bukavu, kando ya ziwa Kivu, mimi na mke wangu Gertrude tulikausha sambaza, dagaa wa kule, na samaki wakubwa tukiwapata. Tulipokimbia tukafika Malawi mwaka 2005, nikaona watu wa soko la hapa wanauza usipa nusu mbichi, unanuka kabla haujafika nyumbani. Nikajenga chanja. Wakanipachika jina Papa Usipa, na hata wanaonidharau wanakuja kununua kwangu. Sasa sikilizeni. Samaki anakauka kwa njia tatu: jua, chumvi, moshi. Hakuna ya nne. Ukimtundika bila hizo tatu anaoza, na nzi wanakushukuru.

Na Bénie analijua hilo kuliko sala ya Baba Yetu. Alizaliwa chini ya chanja. Alitembea akishika miguu ya chanja. Haiwezekani Bénie aniambie mimi, mimi baba yake, kwamba samaki anakauka gizani, isipokuwa kwa sababu moja: kuna mtu alikuwa amesimama karibu naye anasikiliza. Hakuweza kusema "Papa, nimefungwa." Basi akatafuta uongo ambao katika dunia nzima ni mimi tu ningeujua kwamba ni uongo, akanitumia huo.

Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Nilikaa juu ya ndoo, usipa ukawa unaungua kwa jua upande mmoja, sikugeuza.

Nyiransabimana ndiye aliyemaliza kunivunja. Ni mjane kutoka Rwanda, anauza mandazi mbele ya nyumba yangu, na mdomo wake haujui likizo. Nilipomweleza akaacha mafuta yake motoni.

"Muntu haone jua miezi mbili, huyo iko wapi, Lwaboshi?"

"Niambie we."

"Iko mu kasho. Mi nilikaa mu kasho, mu gereza, ninajua. Unauliza askari, jua iko wapi? Anakujibu, iliondoka."

Wiki moja baadaye Fabien alikwenda Lilongwe kununua uzi na zipu, na pale mtaa wa Kawale, katikati ya mchana, mtu akamchomoa telefone mfukoni. Namba ya Bénie ilikuwa humo. Yangu ya kuitiwa ilikuwa hiyo hiyo ya Fabien. Kamba ikakatika pande zote mbili.

Sasa mtaniuliza, mzee, kwa nini hukuondoka na mtoto wako? Waulizeni wakubwa. Tulifanya mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine pamoja, mimi na Bénie, mara mbili. Halafu akaolewa na Moïse. Wale wa biro, ofisi ya wakimbizi, wakasema: binti ameolewa, ameingia kwenye dosiye, faili la mume, wewe mzee una dosiye yako, utaitwa. Nikauliza lini. Wakasema utaona jina ukutani, wanapobandika orodha. Tangu siku hiyo ninasoma ule ukuta kuliko Biblia. Ni walewale. Mwaka 2009 Gertrude alipozidiwa, gari la wagonjwa waliniahidi asubuhi, likafika kesho yake, tukalitumia kubeba jeneza. Siku ile nilijiambia: mkubwa akikwambia kitu, kigeuze, angalia upande wa chini.

Na ni mimi niliyemsukuma Bénie. Yeye alisema, "Papa, bila we siende." Nikamwambia, "Enda. Mama yako asingekubali ubakie mu vumbi hii." Maneno hayo yalinirudia kila siku. Kama mtoto yuko gizani, nimemtuma mimi.

Mwezi wa kwanza nikaomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabara kubwa, nikafika Lilongwe, nikakaa kwenye benchi la biro tangu saa mbili mpaka saa nane. Walinipokea mama mmoja wa Malawi, mpole, ana miwani, na mkalimani wetu Kalala, ambaye tunamjua wote kwa kuongeza maneno yake mwenyewe.

"Mutoto wangu amefungwa," nikasema.

Kalala akatafsiri. Yule mama akaacha kuandika. Akauliza nani amesema. Nikaeleza: jua limeondoka, samaki wanakauka bila jua. Kalala akatafsiri huku midomo inamcheza. Yule mama akaeleza kwa utaratibu, akichora duara kwenye karatasi, kalamu hapa, kidole kule.

"Anasema kule ni juu kabisa ya dunia," Kalala akaniambia. "Anasema wakati wa baridi jua haipande. Inabakia chini. Kila mwaka. Ni kawaida."

"Na samaki?"

Wakaongea. "Anasema ya samaki yeye hajue."

"Unaona? Ya samaki hajue!"

"Papa Usipa, hii ni mutu alisoma."

"Yule wa gari ya wagonjwa pia alisoma."

Kalala hakulitafsiri hilo. Yule mama akaandika kitu kwenye rejista, akasema watauliza Norvège, nisubiri. Nikatoka. Ile karatasi ya duara nilimwachia, nikaona ni picha ya kumtuliza mtoto mdogo.

Kanisani wakatangaza siku tatu za kufunga na kuomba kwa ajili ya "dada yetu aliye gizani". Watu walikuja wengi. Hata wale ambao hawakumpenda Bénie walilia vizuri. Mwezi wa pili ukapita, wa tatu, wa nne. Ukutani hakuna jina. Biro nilirudi mara mbili: "Bado tunauliza." Usipa niliendelea kukausha maana tumbo halijui msiba, lakini nilianza kukosea. Mara mbili nilisahau kuuanua mvua ikiujia. Nyiransabimana ndiye aliyekuwa anakimbia kuufunika na plastiki, huku ananitukana.

"We mwanaume! Ukikufa, mutoto akitoka mu kasho atakuta nini hapa? Nzi?"

Mwezi wa nane, tarehe 14, kikaja kikaratasi kupitia sanduku la posta la kanisa. Kuna mzigo kwa jina langu, Lilongwe. Fabien akakisoma mara tatu. "Imetoka Norvège," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayebeba yai. Sote wawili tuliwaza kitu kimoja bila kukitaja: mtu akifa mbali, wanatuma vitu vyake.

Tukaenda wote wawili.  Nilikuwa nimejiandaa kuona nguo zake.

Kumbe posta yenyewe tuliijua kwa pua kabla ya macho. Watu kwenye foleni walikuwa wamejifunika na vitenge, wanacheka, wanalalamika. Karani akatuona na kile kikaratasi akasimama haraka kama amewaona wakombozi.

"Bambo, ichi ndi chiyani?"

Alikuwa anauliza ni kitu gani. Kartoni ndefu, imefungwa na mkanda wa kunata mara elfu, imewekwa peke yake karibu na mlango, upepo uipitie.

Pua yangu ikaamka. "Nsomba," nikasema. Samaki.

"Nsomba zovunda!" akasema. Samaki waliooza. Watu wakacheka.

"Hapana," nikasema, kwa Kiswahili, sijui nilikuwa ninamwambia nani. Maana ile haikuwa harufu ya kuoza. Harufu ya kuoza ni tamu, inakaa kooni. Hii ilikuwa kavu, kali, imesimama wima. Karani alitaka aone kilichomo kabla ya kunipa, akatoa kisu, akaniachia nikate mwenyewe, yeye akarudi hatua mbili.

Nikafungua.

Walikuwa samaki wanne, wakubwa, kila mmoja kama mkono wangu tangu bega mpaka vidole, bila vichwa. Wagumu kama kuni. Rangi ya manjano kidogo, kama ngozi ya ngoma. Nikachukua mmoja nikampiga na kucha: akalia *ko, ko*. Nikamnusa tumboni, pale ambapo samaki anaanza kudanganya. Hakuna moshi. Nikalamba. Hakuna chumvi. Nikamvunja kwenye mkia, pakavunjika katikati ni peupe, pakavu mpaka kwenye mfupa. Samaki wa jua anakauka nje kwanza, ndani anabaki na unyevu kama siri. Huyu alikuwa amekauka pole pole, sawasawa, ndani na nje, kwa kitu ambacho mimi na miaka yangu yote sikukijua.

Kulikuwa na njia ya nne.

Lakini hata hapo moyo ulikuwa bado umeshikwa. Samaki anaweza kukaushwa na mtu yeyote. Ndipo nikaangalia mikia.

Walikuwa wamefungwa wawili wawili, mkia kwa mkia, na kamba ya buluu ya plastiki. Gertrude alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Fundo lake lilizunguka mara mbili, kisha ncha inarudi chini ya mzunguko wa kwanza, kinyume na watu wote. Wanunuzi wa Bukavu walikuwa wanamlaani: ukivuta, linakaza, mpaka ujue kulisukuma, ndiyo linaachia. Mimi mwenyewe mumewe sikuwahi kulifunga vizuri. Alimfundisha mtu mmoja tu.

Nikaweka kidole gumba kwenye fundo, nikasukuma. Likaachia.

Mtu aliyefungwa hafungi samaki hivyo. Mtu anayelia hafungi hivyo. Lile lilikuwa fundo la mtu aliyesimama vizuri, ana nafasi, hana anayemharakisha, anafanya kazi yake kama anavyotaka. Nikakaa chini, palepale sakafuni kwenye posta. Kitu kilishuka kutoka mabegani mpaka kwenye miguu, kikatoka. Miezi minane nilikuwa nimekibeba, nikadhani ni uzee.

"Papa Bénie," Fabien akasema, "iko nini? Ni mubaya?"

"Mutoto iko muzima," nikasema. "Iko muzima, iko inje, na anafanya kazi ya mama yake."

"Barua inasema hivyo?"

"Barua iko wapi?" Sikuwa hata nimeitafuta.

Karani alikuwa ameona machozi akafikiri ni kwa sababu ya ile harufu, au ninadhani anataka kuninyima. "Tengani, bambo, tengani!" akasema. Chukua, chukua! Hakutaka saini yangu mara mbili. Tukasema zikomo, asante, tukatoka, na kwenye gari la kurudi tulipewa kiti cha nyuma sisi wawili tu, hakuna aliyetaka kukaa karibu. Siku hiyo tulisafiri kama mawaziri.

Barua ilikuwa chini ya kartoni ndani ya plastiki. Tuliisoma mbele ya mandazi ya Nyiransabimana, Fabien kwa sauti, na watu wakajaa, wale wote waliofunga siku tatu. Walikuwa na haki ya kusikia. Ninaiandika kama ilivyo, nimeacha salamu.

"Papa, ninaita namba ya Fabien kila wiki, bwana mumoja anajibu na kucheka. Kwa hiyo niliuliza anwani kwa kanisa, ikachukua miezi.

"Huku ni kijiji kidogo, nyumba makumi mbili na tatu, mulima nyuma, bahari mbele. Barabara ikifungwa na teluji, ni mashua tu. Bantu ya hapa ni Wasami, njo benyeji, balikuwa hapa mbele ya serikali kufika. Mama muzee mwenye ananifundisha anaitwa Ravna. Ananiambia, wakati alikuwa mutoto, kwa masomo balikatazwa kusema luga yao. Nikamwambia Papa yangu akisikia hii atasema, 'Bakubwa njo balebale kila pahali.' Alicheka mpaka akakohoa.

"Samaki tunatundika kwa miti mirefu, kama chanja yako lakini juu kama nyumba. Kazi kubwa ni mwezi wa pili mpaka wa ine. Inabakia kule mpaka mwezi wa sita. Baridi na upepo njo binaikausha. Nzi haiko, Papa! Hata mumoja! Adui ni ndege ya bahari tu. Mama Ravna aliona fundo yangu akasema ni fundo ya kichwa chini. Kisha zoruba ikakuja, ya wengine ikaanguka, yangu ikabakia. Sasa ananyamaza.

"Moïse anakata samaki ku usine, kiwanda ya samaki, mikono inamuuma lakini iko sawa.

"Jua ilirudia mwezi wa kwanza. Papa, ungeona. Bantu yote balipanda mulima, hata bazee, kungojea. Ilitokeza kichwa kidogo tu, dakika kumi hivi, ikarudi. Bantu balishangilia. Na siku hiyo banakula mandazi, iko na jam ndani."

Hapo Nyiransabimana akapiga makofi. "Mandazi! Munaona? Hata jua ya kule inatoka kwa sababu ya mandazi!"

"Ulisemaka iko mu kasho," Fabien akamwambia.

"Mi nilisema kasho? Ni Lwaboshi alisema."

Nikamwachia. Siku hiyo ningemwachia hata nyumba.

Ndani ya barua kulikuwa na foto. Watu wamejaa juu ya kilima cheupe, wamevaa nguo nene, wengine makoti ya buluu yenye mistari myekundu, wote wamegeukia upande mmoja. Bénie yuko mbele, ana andazi mkononi, uso una rangi ya dhahabu. Jua lenyewe halionekani. Liko kwenye nyuso zao tu.

Yule mama wa miwani alisema kweli. Mara moja. Ninaliandika hapa ili asije akasema nimemnyima.

Samaki mmoja tulimponda na jiwe, tukamloweka siku nne, Nyiransabimana akampika na nyanya, tukamla na nsima, ugali wa hapa, mtaa mzima, kipande kipande. Usiniulize utamu, nilikuwa ninakula na kucheka. Wawili niliwagawa kanisani. Wa nne nimemtundika ndani juu ya mlango, hajabadilika mpaka leo. Nilijaribu kufunga usipa kwa fundo la Gertrude, nikashindwa tena.

Lakini barua ilikuwa na mstari wa mwisho, ambao Fabien aliusoma pole pole. "Papa, Mama Ravna ananiuliza juu yako kila asubuhi tukifika ku chanja. Ameacha mti mumoja wazi, haweke samaki yake kule. Anasema ni ya muzee wa usipa."

Mwezi wa tisa nikachukua ruhusa, nikaenda Lilongwe na ile barua na ile foto. Nilikaa benchi lilelile. Yule mama akafurahi kweli kumwona Bénie kwenye foto, akanishika mkono. Kalala akamsomea mstari wa mwisho bila kuongeza neno lake hata moja, mara ya kwanza katika maisha yake. Yule mama akafungua rejista. Akaandika swali lote la Mama Ravna, nikamwona, akapiga mstari chini. Kisha akavua miwani, akaangalia dirishani.

Mwaka wa pili huu swali hilo linakaa ndani ya ile rejista, na kule kwenye kijiji cha Bénie bibi mmoja anaamka, anavaa glavu, anapita chini ya ule mti wazi, anamuuliza mtoto wangu: baba yako anakuja lini?